Vitamini D si mbadala wa methotreksati, dawa ya baridi yabisi: maswali ninayoulizwa kliniki

Baridi yabisi ya rumatoidi ni nini?
Ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa nusu saa au zaidi. Hailetwi na maji baridi wala kulala sakafuni.

ESR na CRP ni vipimo vya nini?
Vinaonyesha ukali wa uvimbe mwilini. Kwa ESR, damu husimamishwa kwenye mrija mwembamba tukaona chembe nyekundu zimezama milimita ngapi kwa saa moja. CRP ni protini ya ini. Nimonia nayo huvipandisha, kwa hiyo usijitibu kwa karatasi ya maabara.

Vitamini D yangu iko chini. Si ndiyo chanzo?
Wagonjwa wengi iko chini, hata huku kwetu kwenye jua, maana anayeumwa hushinda ndani. Ukipungukiwa tutakupa, mifupa inaihitaji, hasa kama unameza prednisoloni, dawa ya uvimbe inayodhoofisha mifupa. Ila kwenye tafiti, mara imeshusha CRP kidogo, mara haikushusha kitu.

Mbona utafiti wa Marekani ulisema vitamini D inapunguza magonjwa ya kinga kwa asilimia 22?
Ulisema, mwaka 2022. Watu zaidi ya 25,000, wa miaka 50 kwenda juu, walifuatiliwa miaka mitano hivi. Waliopewa vitamini D walimeza yuniti 2,000 kwa siku. Kilichohesabiwa ni wagonjwa wapya wa magonjwa ya kinga. Wewe si mgonjwa mpya, mama yangu. Umeshaumwa.

Basi nisimamishe methotreksati, nijaribu vitamini kwanza?
Hapana. Juzi mama mmoja alinitolea kwenye mkoba chupa kubwa ya vitamini D. Methotreksati alikuwa ameiacha miezi saba. Vitamini D yake ilikuwa safi kabisa, ila ESR ilikuwa 90, juu sana. Nikamwomba anifungulie chupa, akashindwa. Nyumbani humfungulia mjukuu. Vidole vyake vimeanza kupinda, na hakuna kidonge cha kuvinyoosha.

Hata mwezi mmoja tu?
Hata mwezi mmoja. Maumivu yakitulia si kwamba umepona, ni dawa inafanya kazi. Kama inakutia kichefuchefu, njoo useme: kuna asidi ya foliki, na dozi hupangwa upya. Unapanga ujauzito? Sema mapema, maana methotreksati hudhuru mimba, na tutakubadilishia. Kuiacha kimyakimya kwa sababu jirani amekuletea chupa, hapana.

Nikimeza zote mbili, vitamini nyingi zaidi?
Zote mbili sawa. Nyingi zaidi, hapana: kalsiamu hupanda kwenye damu, ukapata kiu, kutapika na mawe ya figo. Usipite yuniti 4,000 kwa siku bila daktari.

Methotreksati ni kila siku?
Mara moja kwa wiki! Chagua siku, iandike kwenye boksi la dawa. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua.