Uzito Unaporudi Baada ya Upasuaji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ni wa hongera. Nguo zinapelekwa kwa fundi kupunguzwa, magoti yananyamaza, daktari anapunguza dawa za presha, na kila harusi kuna shangazi anayekuvuta pembeni kuuliza unakula nini siku hizi. Mwaka wa tatu au wa nne unapanda mizani na kukuta kilo sita zaidi. Baadaye kumi. Safari hii shangazi haulizi, anaangalia tu.

Huku kwetu wengi waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hawakumwambia mtu. Walisema wameacha wanga, au wanatembea alfajiri. Sasa uzito unarudi na hawana wa kumwambia hilo pia, kwa sababu hadithi yenyewe ilianza kwa kufichwa. Katika ukimya huo maneno ya mitaani hupata nafasi ya kukaa.

"Ukishakatwa tumbo hunenepi tena"

Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika ile ya kukata tumbo, daktari huondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula na kubakiza kitu chembamba chenye umbo la ndizi. Katika baipasi, sehemu ya juu ya tumbo hutengwa kuwa kifuko cha mililita 30 hivi, ambacho hata kikombe cha kahawa ya barazani kinakizidi, kisha kifuko hicho huunganishwa na utumbo mbele zaidi. Kwa zote mbili uzito hushuka kwa kasi mwaka wa kwanza, ukafika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, ukatulia, halafu kwa watu wengi ukapanda kiasi. Kupanda huko kunatarajiwa. Aliyeambiwa mapema hashtuki akiona uzito unapanda. Asiyeambiwa hudhani ameharibu kitu.

Puto la kupunguza uzito ni habari nyingine. Huduma hiyo inatolewa hata kwetu, kwa mfano Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, na watu huichanganya na upasuaji. Puto huingizwa kwa mdomo, hukaa tumboni miezi kadhaa, kisha hutolewa. Kulilinganisha na kukatwa tumbo ni kumlinganisha mpangaji na mwenye nyumba.

"Kilo zimerudi, basi pesa zimeliwa"

Ukitoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda kupasuliwa India au Uturuki, ukauza kiwanja au kukopa, neno hili linauma. Tuliangalie kwa hesabu.

Sweden walianza mwaka 1987 kufuatilia wagonjwa zaidi ya elfu mbili waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali, wakiwalinganisha na wengine wa unene uleule ambao hawakupasuliwa. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito walipofika chini kabisa. Baada ya miaka 10 ilikuwa asilimia 25. Weka hesabu hiyo kwa mtu aliyeanza na kilo 120: alishuka mpaka 82 hivi, kisha akapanda mpaka 90. Yeye kila asubuhi anaziona zile kilo nane zilizorudi. Hazioni kilo 30 ambazo hazijarudi kwa miaka kumi. Katika utafiti huohuo, waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao.

Marekani, jimbo la Utah, picha ni hiyohiyo. Wagonjwa wa baipasi walikuwa wamepungua wastani wa kilo 45 baada ya miaka 2, na kilo 35 baada ya miaka 12. Waliokuwa na kisukari kabla ya upasuaji, robo tatu yao walikuwa wamekaa bila ugonjwa huo mwaka wa pili. Mwaka wa 12 bado walikuwa nusu. Kuna kilichopotea hapo, sikatai. Lakini miaka kumi bila sukari ni miaka ambayo macho, figo na miguu vimepumzika.

Kwa hiyo mtu akiniambia uzito umerudi, swali langu ni umerudi kutoka wapi kwenda wapi. Kuongezeka kilo sita kwa miaka minne na kuongezeka kilo ishirini kwa mwaka mmoja ni mambo mawili tofauti, na la pili linataka vipimo haraka.

"Ni ulafi tu, hana nidhamu"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na mgonjwa mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema.

Mwili hauna habari kwamba ulilipia. Unachojua ni kwamba mafuta yaliyokuwa ghalani yamepungua, na kwa maelfu ya miaka ghala kupungua kulimaanisha njaa imeingia kijijini. Mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuambia ubongo kuwa akiba ipo. Mafuta yakiyeyuka, ujumbe huo nao unafifia, na ubongo unaanza kutafuta chakula. Upande wa pili kuna grelini, homoni ya kuchochea njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya tumbo, ileile inayoondolewa daktari anapokata. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu husahau kula mpaka akumbushwe. Miezi inavyopita, wengi huanza tena kusikia njaa, na wakiisikia hudhani wamekosa imani. Hawajakosa kitu. Mwili umeanza kudai.

Tena mwili mwepesi unatumia nishati kidogo. Mwenye kilo 85 akitembea kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala hachomi alichokuwa akichoma alipobeba kilo 120 kwenye njia hiyohiyo. Sahani iliyomshusha mwaka wa kwanza inaweza kumpandisha mwaka wa nne. Mwaka 2016 watafiti Marekani walitoa matokeo ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inachoma takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hao hawakupasuliwa, walijinyima na kufanya mazoezi makali. Upasuaji hupunguza ukali wa upinzani huu kwa kubadili homoni za utumbo, lakini hauuondoi wote.

Halafu yapo mengine yanayoongeza uzito ambayo hakuna anayeyauliza. Prednisolone ya pumu au baridi yabisi. Insulini. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ujauzito, ambao madaktari hushauri usubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, na ambao huja upesi kuliko wengi wanavyodhani kwa kuwa uzazi hufunguka uzito unaposhuka. Kukoma hedhi. Zamu za usiku. Mwanamke aliyeanza sindano mwaka jana na kuongezeka kilo tano hahitaji mahubiri. Anahitaji mtu amuulize ni dawa gani anatumia.

"Nakula vijiko vitano tu, haiwezi kuwa chakula"

Anayesema hivi mara nyingi hadanganyi. Akikaa mezani, vijiko vitano vya ugali na kipande cha nyama vinamtosha kabisa. Tatizo limejificha katika saa zilizobaki.

Tumbo dogo huzuia wingi wa mara moja. Haliwezi kumzuia mtu anayedonoa kutwa, wala haliwezi kuzuia kinachoteleza. Nyama inakwama, inauma, wakati mwingine inatapikwa. Biskuti iliyochovywa kwenye chai inashuka bila taabu. Polepole mtu anahama kutoka vyakula vigumu kwenda vilaini: uji wenye sukari na siagi, aiskrimu, chai ya maziwa vikombe vinne, juisi ya miwa. Soda moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari, kama vijiko tisa vya chai, na inapita tumbo dogo kama maji. Konzi moja ya karanga, gramu 30, ni kalori 170 hivi. Nani anahesabu konzi za karanga kwenye foleni ya Ubungo?

Ramadhani nayo ina mtego wake. Kati ya futari na daku kuna saa nyingi, na sinia la vitumbua, tambi na kaimati haliondolewi mezani. Mtu hali mlo hata mmoja mkubwa, ila mdomo haujapumzika.

Kinachosaidia ni kurudisha mpangilio: milo inayojulikana saa zake, na protini ianze kabla ya wanga. Wataalamu wa lishe wengi hulenga gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo mayai peke yake hayatafika. Ongeza dagaa, maharage, samaki, mtindi usio na sukari. Maji yanywewe kabla ya chakula, au baada ya nusu saa hivi. Pia mazoezi ya kubeba vitu vizito, kwa sababu kilo zilizopotea zilichukua misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo inayochoma.

Pombe ina kalori, lakini si hilo tu. Baada ya baipasi hasa, huingia damuni haraka na kwa wingi, na hatari ya kuwa mtumwa wake huongezeka kuanzia kama mwaka wa pili. Ambaye zamani alikunywa bia nne bila kulewa asijipime kwa kipimo hicho.

"Tumbo limetanuka. Nikinywa supu siku tano litasinyaa"

Ni kweli tumbo lililobaki hulegea kidogo kadiri miaka inavyopita. Kwa baadhi ya watu wa baipasi, mlango kati ya kifuko na utumbo hupanuka, au hutokea njia isiyotakiwa kati ya kifuko na tumbo la zamani. Hayo huonekana kwa endoskopi, yaani kamera inayoingizwa kwa mdomo, au picha ya eksirei baada ya kunywa dawa maalumu. Lakini kwa walio wengi tumbo si mkosaji mkuu.

Siku tano za supu hazisinyazi chochote. Kilo mbili zinazopungua ni maji, na Jumatatu zimerudi zikiwa na hasira.

"Sindano ni za wavivu"

Au kinyume chake: "nichome sindano nimalizane nayo." Zote mbili zimepotoka.

Dawa za sindano kama liraglutide, semaglutide na tirzepatide huiga homoni za utumbo zinazotuliza njaa. Hata waliokwisha kupasuliwa husaidika. Katika utafiti wa London uliotolewa mwaka 2023, watu 70 ambao upasuaji uliwapunguza kidogo tu waligawanywa makundi mawili. Waliopewa liraglutide walipungua karibu asilimia 9 kwa wiki 24, na waliopewa sindano isiyo na dawa wakabaki karibu palepale. Kuita hilo uvivu ni sawa na kumwita mvivu mwenye presha anayemeza kidonge.

Ila dawa ikisimama, njaa inarudi. Waliotumia semaglutide kisha wakaacha walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja. Kabla ya kuanza, uliza utaimudu kwa muda gani. Na usinunue kwa mtu wa WhatsApp: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia. Chai za kupunguza tumbo ni hatari vilevile. Mara kwa mara zimekutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo.

"Nitarudia upasuaji"

Inawezekana, na kwa aliyekatwa tumbo kisha akasumbuliwa na kiungulia kikali, kubadilishiwa kwenda baipasi kunaweza kutatua yote mawili. Lakini upasuaji wa pili ni mgumu na una hatari zaidi kuliko wa kwanza, kwa kuwa daktari anapita kwenye makovu. Hufanywa baada ya kujua kwa nini uzito umerudi. Sababu ikiwa ni soda na zamu za usiku, kisu hakitazigusa.

"Nitarudi kliniki nikishapungua kidogo"

Mficha uchi hazai. Mtu anaahirisha miadi kwa miaka miwili kwa kumwonea daktari aibu, na miaka hiyo miwili ndiyo kilo tano zinageuka ishirini. Kama aliyekupasua yuko ng'ambo, daktari wa magonjwa ya ndani na mtaalamu wa lishe wa hapa wanatosha kuanzia. Nenda na karatasi ya upasuaji, dawa zako zote mfukoni, na orodha ya ulichokula na kunywa kwa siku tatu za kawaida. Ukiweka na konzi za karanga, itafaa zaidi.

Waambie pia unachojitibu mwenyewe. Magoti yakianza kuuma tena watu hukimbilia diclofenac dukani, na kwa aliyefanyiwa baipasi dawa hiyo na wenzake kina ibuprofen zinaweza kuchimba kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo.

"Nimeshanenepa, vitamini za nini?"

Kunenepa hakumaanishi kwamba mwili umerudi kufyonza kama zamani. Mtu anaweza kuwa na kilo 100 na bado akawa hana vitamini B12, madini ya chuma wala vitamini D ya kutosha. Vidonge hivyo ni vya maisha, na damu ipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Miguu ikianza ganzi, ukipepesuka, ukachoka bila sababu au ukasahausahau, usiseme ni unene umerudi. Nenda kapime B12 wiki hii. Na ukiwa umetapika kwa siku kadhaa mfululizo nenda hospitali siku hiyohiyo, uwaambie ulipasuliwa ili wakupe vitamini B1 mapema, kwa kuwa ukosefu wake unaweza kuudhuru ubongo kabisa.