Tuzo katika ubongo: kutamani si kufurahia

Katika elimu ya ubongo, tuzo ni kitu chochote ambacho mnyama yuko tayari kukifuata na kukitolea jasho: chakula, maji, mwenzi wa kujamiiana. Panya akiacha maji matupu akakimbilia ya sukari, sisi husema tu kwamba ameyapenda. Kichwani mwake kuna kazi zaidi ya moja: kupima kipi bora, kukifuata, kisha kukila au kukinywa. Kazi hizo zinaweza kutenganishwa.

Kwa muda mrefu dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, ilidhaniwa kuwa ndiyo raha yenyewe, na wengi bado husema hivyo. Kent Berridge na Terry Robinson, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliitia dosari dhana hiyo. Panya walioondolewa karibu dopamini yote waliacha kula. Bila kulishwa wangekufa njaa chakula kikiwa mbele yao. Lakini walipodondoshewa maji ya sukari mdomoni, walitoa ulimi na kujilamba kama panya wa kawaida. Walipopewa kitu kichungu, walipanua kinywa na kutikisa kichwa. Utamu waliuhisi, kilichopotea ni hamu ya kuufuata.

Mtafiti mwingine, John Salamone, akaangalia upande wa uchaguzi. Panya huwekewa njia mbili: moja ina chakula kingi nyuma ya kizuizi cha kupanda, nyingine ina kidogo, haina kizuizi. Panya wa kawaida hupanda. Dopamini ikipunguzwa katika kiini akumbensi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, wengi hutosheka na kile kidogo. Mtu angesema wamekosa nguvu, au hawajui tena kingi ni kipi. Sivyo. Kizuizi kikiondolewa, hufuata kingi; na njia ya pili ikiachwa tupu, hupanda.

Thamani yenyewe inapimwa wapi? Sehemu mojawapo ni gamba la ubongo lililo juu ya macho. Mwaka 2006, Camillo Padoa-Schioppa na John Assad waliripoti kwamba kwa tumbili wanaochagua kati ya vinywaji viwili, baadhi ya seli za hapo hubadili kasi ya mapigo yake ya umeme kulingana na thamani ya kinywaji kwa tumbili huyo, kiwe kushoto au kulia.

Furaha ya kula nayo ina vituo vyake vidogo, na kimojawapo kiko katika palidamu ya chini, sehemu nyingine ya ndani ya ubongo. Kikiharibiwa, panya akidondoshewa sukari hupanua kinywa na kutikisa kichwa, kama aliyepewa kitu kichungu.