Shilingi moja ya Kenya, 20 za kwetu: ndiyo umaskini?

Vijiwe vya kahawa Kariakoo hoja hii haiishi: shilingi moja ya Kenya ni karibu 20 za kwetu Tanzania, basi wametuzidi uchumi mara 20. Si kweli. Dola moja hupata yeni nyingi kuliko shilingi za Kenya, na hakuna anayeiita Japani maskini (wabishi wenyewe wanarudi nyumbani na Coaster ya Toyota). Sarafu hizi zilipozaliwa mwaka 1966, moja yetu ilikuwa sawa na moja yao. Pengo lililetwa na miaka ya mfumuko wa bei na kushushwa thamani kwa shilingi yetu, hasa miaka ya 1980. Tukifuta sifuri mbili kwenye shilingi yetu kesho, chapati ya 500 itauzwa 5, na mshahara nao utakatwa sifuri hizohizo.