Masta ya dizaini ya bidhaa, teknolojia na ubunifu: mtu anaenda kusoma nini hasa?

Juzi mdogo wangu, mtoto wa shangazi, aliandika kwenye grupu la familia kwamba anataka kuomba masta ya dizaini ya bidhaa, teknolojia na ubunifu, yeye digrii ya kwanza kasoma uinjinia wa mitambo, na kabla hajamaliza kueleza shangazi akauliza, "Kwahiyo mwanangu miaka yote minne ya uinjinia halafu unaenda kusomea kuchora?" Mjomba akasema hapana, hayo ni mambo ya kompyuta. Binamu mwingine akasema hiyo ni biashara, wanafundishwa kufungua kampuni. Mi nimesoma kozi ya aina hiyo na ndo kazi yangu mpaka leo, na naona kila mmoja pale alikuwa kashika kipande cha kweli ila hakuna aliyeshika kitu kizima, na siwalaumu, maana maneno yenyewe yanachanganya.

Fundi nguo aliyepata jina tunamwita mbunifu wa mavazi, hapo ubunifu ni dizaini. Tanzania kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yalianza 2019, na hapo ubunifu ni kuleta njia mpya ya kutatua jambo. Mtoto akitunga hadithi nzuri darasani mwalimu anasema huyu ana ubunifu. Neno moja, kazi tatu. Ukisema usanifu watu wanawaza majengo moja kwa moja, halafu kuna uvumbuzi, ambao ni kupata kitu ambacho hakikuwepo kabisa. Mi hapa nikisema dizaini namaanisha kuamua kitu kiweje, umbo lake, kinashikwaje, kinatengenezwa kwa malighafi gani, ananunua nani, na siku kikiharibika kinarekebishwaje. Nikisema ubunifu namaanisha kitu kipya ambacho kimeshafika kwa watu na wanakitumia kweli. Hilo la mwisho ndo la kushika. Kifaa kilichofungiwa kabatini chuoni hata kiwe cha ajabu vipi ni uvumbuzi, bado hakijawa ubunifu.

Sasa nenda jikoni uangalie lile jiko la mkaa lenye udongo ndani na kiuno chembamba katikati, wengi tumekulia nalo. Lile lilitengenezwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo la kuweka udongo lilitoka Thailand, kule wana jiko kama ndoo lenye udongo ndani kote. Ukileta lile lilivyo linakuwa zito, na matoleo ya mwanzo udongo ulikuwa unapasuka. Watu wakakaa na mafundi bati wa jua kali, wakajaribu, wakarudia, mpaka likapatikana umbo la kiuno: juu pana ambapo udongo unakaa na kushika moto, chini pana linasimama imara hata ukisonga ugali kwa nguvu zako zote, na udongo uko juu tu kwahiyo uzito umepungua. Na fundi yeyote mwenye nyundo na mkasi wa bati anaweza kulitengeneza barabarani, hahitaji kiwanda. Mkaa linaokoa sana ukilinganisha na lile la bati tupu, inatajwa asilimia 30 mpaka 50. Ndo maana leo unalikuta kila mahali. Ile kazi yote ya kuhangaika na uzito, mpasuko, kiuno, fundi na bei, ndo dizaini ya bidhaa. Kuchora kumo, lakini ni kama kusema mpishi kazi yake ni kukata vitunguu.

Kozi hizi za masta zinakutanisha maswali matatu ambayo kwenye digrii ya kwanza kila mtu alifundishwa moja tu. Je kuna mtu anakihitaji hiki kitu? Je kinaweza kutengenezwa? Je kitajilipa, yaani anayekitengeneza atakula na kesho atengeneze tena? Injinia anakuja na la pili, mtu wa sanaa na jamii anakuja na la kwanza, mtu wa biashara na la tatu, na wanawekwa kundi moja wagombane humohumo mpaka kitu kitoke. Nimesema wagombane na namaanisha, mwezi wa kwanza ni mgumu, kila mtu anaona mwenzie haelewi.

Mfano ninaoupenda ni wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Wana darasa ambalo wanafunzi wa masta wa fani tofauti wanapewa shida ya watu wa kipato cha chini wakaitatue, na 2007 kundi moja la watu wanne lilipewa kazi ya kupunguza gharama ya inkubeta, ile mashine ya kuwatunza watoto njiti. Wangeweza kukaa maabara wakatoa vyuma, wakapunguza bei, wakapata A yao. Mmoja wao akaenda Nepal, akafika hospitali mjini, akakuta inkubeta zipo na nyingine ziko tupu. Akauliza, akaambiwa watoto wenyewe hawafiki huku, wanazaliwa nyumbani vijijini na wanakufa kwa baridi kabla ya kufikishwa. Hapo swali likageuka lote. Haikuwa tena inkubeta ya bei nafuu ya hospitali, ikawa mama wa kijijini asiye na umeme atamwekaje mtoto joto. Kilichotoka ni kama kimfuko cha kulalia mtoto, ndani kuna pakiti ya kitu kama nta ambayo ukishaipasha inabaki kwenye nyuzi 37 kwa masaa kadhaa. Wakakiita Embrace. Nataka uone kwamba hakuna hesabu ya uinjinia ambayo ingewapeleka pale, ni ile safari na lile swali.

Nami lilinikuta la kwangu dogo. Tulipewa zoezi la jiko, nikaja na michoro minne mizuri ya jiko la mama ntilie, nimeikesha. Mwalimu akaiweka pembeni bila kuifungua akaniambia kakae kwa mama ntilie siku tatu, usipime chochote, angalia tu. Nikaenda kwa mama mmoja karibu na stendi, nikamsalimia, nikamweleza, akacheka akasema, "Karibu mwanangu, lakini utaosha sahani." Nikaosha. Siku ya pili mchana nikagundua kila ikifika saa nane anainuka analigeuza jiko, mdomo wake unaangalia ukuta, anafanya bila hata kufikiri. Nikamuuliza kwanini, akasema upepo saa hizi unatokea barabarani, usipogeuza mkaa unaisha kabla ya maharage kuiva. Na analigeuza likiwa na moto, sufuria juu, kwa kipande cha kanga, vidole vyake viwili vina alama. Kwenye michoro yangu minne upepo haukuwepo hata mmoja. Tulichotengeneza mwisho wa siku ni kinga ya bati inayozunguka jiko nusu, imekatwa kwenye debe la mafuta, ina mshikio wa mbao, unaisogeza yenyewe jiko linabaki pale pale. Ile ya kwanza ilikuwa fupi sana, ya pili ikawa inazuia mkono kuchochea, ya tatu ndo akaibakisha.

Kwahiyo kwenye kozi siku zinapita hivyo: wiki unashinda kwa watu, wiki unashinda karakana unakata maboksi na mbao kutengeneza mfano wa majaribio, wenyewe wanaita prototaipu, unaurudisha kwa watu wakuonyeshe ulipokosea, unaanza tena. Katikati kuna masomo ya malighafi, umeme mdogo na kuandika programu za kompyuta, mashine za kuchapa vitu vya plastiki, hesabu za gharama, hakimiliki na hataza (yaani haki ya aliyevumbua kitu), kidogo ya masoko. Mwisho kuna mradi mkubwa wa kwako mwenyewe na tasnifu. Mitihani ya kukaa chini na kalamu ni michache, kazi yako inapimwa ukisimama mbele ya watu ukiitetea.

Majina ndo yanachanganya waombaji, maana kila chuo kina lake. London kuna ya Royal College of Art ikishirikiana na Imperial College, inaitwa Innovation Design Engineering, ipo tangu 1980, ni miaka miwili na unatoka na masta mbili, ya sanaa na ya sayansi. Pale ndo walisoma Rodrigo García González na Pierre Paslier waliotengeneza kitone cha maji unachokimeza chote na ganda lake, ganda limetokana na mwani, zao ambalo akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wamelima miaka mingi. Kampuni yao Notpla ilishinda tuzo ya mazingira ya Earthshot 2022. Uholanzi, chuo cha Delft kina masta tatu ndani ya kitivo kimoja, moja ni ya bidhaa yenyewe, nyingine ya namna mtu anavyotumia kitu, nyingine ya mkakati wa kampuni, zote miaka miwili, kwahiyo ukiomba soma vizuri ni ipi maana jina dizaini liko kwenye zote. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha dizaini miaka mingi, Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon tangu 2011 ila lile limeegemea teknolojia ya habari na uinjinia zaidi, na Arusha kuna Nelson Mandela, taasisi ya masta na PhD za sayansi.

Na hiyo ya Arusha inanisaidia kueleza hilo neno ubunifu. Dk. Askwar Hilonga, mwalimu pale, alitengeneza chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembechembe ndogo mno za nano, na unaweza kulirekebisha kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika, na mtu wa kaskazini anaelewa hapo maana floraidi ya kule imetia rangi meno ya watu wengi. 2015 akashinda tuzo ya kwanza kabisa ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Sayansi ni nzito, lakini mi kinachonigusa zaidi ni kilichofuata: familia nyingi haziwezi kununua chujio zima kwa mkupuo, basi machujio yakakodishwa kwa wajasiriamali wakafungua vituo vya kuuza maji safi mtaani, wewe unanunua lita zako tu. Chujio ni teknolojia. Namna ya kulikodisha ndo iliyolifikisha nyumbani kwa mtu.

Taa za d.light ni hivyo hivyo. Zilianzia kwenye lile lile darasa la Stanford, 2006, mwanzilishi mmoja Sam Goldman alikuwa ameishi Benin na kumwona mtoto wa jirani yake akiungua vibaya na taa ya mafuta ya taa. Aliyekua na kibatari, au koroboi, hahitaji kuelezwa hiyo. Sola ilikuwepo miaka mingi kabla, hawakuivumbua wao. Walichofanya ni kuifanya taa ya kuanguka sakafuni isivunjike na ya bei ya mtu wa kawaida, na Kenya watu wanalipia kidogo kidogo kwa M-Pesa kama walivyokuwa wananunua mafuta ya taa kwa kibaba.

Kwa anayetaka kuomba, mambo ni machache. Sio lazima uwe umesoma sanaa. Injinia, mwalimu, muuguzi, hata mtu wa kilimo anachukuliwa ilimradi aonyeshe ametengeneza kitu. Masta nyingi za Uingereza ni mwaka mmoja, za bara la Ulaya miwili, na hiyo ina maana kwenye ufadhili pia, kwa mfano Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia ya mwaka mmoja tu na inataka uwe na uzoefu wa kazi na urudi nyumbani miaka miwili. Ukirudi Tanzania na cheti cha nje utakipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe, kwahiyo hakikisha mapema chuo kinatambulika. Na kama hela haipo kabisa usikae unasubiri, Arusha kuna Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyetengeneza chaja ya simu inayotumia baiskeli, na Twende, karakana ambayo watu wa kawaida wanajifunza kutengeneza vifaa vyao wenyewe, na unachotengeneza sehemu kama ile kinakubalika kwenye maombi kuliko cheti cha semina.

Maana kitu kinachoangaliwa kuliko alama ni potifolio, mkusanyiko wa kazi zako, na wengi wanakosea hapa, wanaweka picha za kitu kilichokamilika kinang'aa. Wanaosoma maombi wanataka kuona ulivyofikiri. Mdogo wangu ana ile ndoo ya kunawia ya kukanyaga kwa mguu aliyowatengenezea shule ya msingi ya kijijini kwao 2020, ya kwanza alifunga kamba ya katani ikaoza na maji ndani ya wiki tatu, akaweka waya ukawa unakata plastiki, mwisho akaweka nondo nyembamba na kanyagio la mbao alilolishusha baada ya kuona watoto wa darasa la kwanza wanaruka juu yake kwa miguu miwili ndo lishuke. Picha zote hizo anazo kwenye simu yake ya zamani. Nimemwambia ile ya kamba iliyooza aiweke ukurasa wa kwanza.