Linux si ya mafundi peke yao

Hapa Unguja bado tunaambizana kuwa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ni ya mafundi: ukiiweka, utashinda unaandika amri kwenye skrini nyeusi. Miaka ya 1990 neno hilo lilikuwa na ukweli. Leo laptopu ya mtumba ya Darajani, yenye ramu ya GB 4, inaendesha Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, kwa kubofya tu. Menyu iko chini kushoto, Firefox ipo, na LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, inafungua barua za Word, ingawa majedwali huweza kuhama kidogo.

Ijaribu kwanza, nakuomba. Itie kwenye flashi, washa laptopu kutoka humo, uangalie waifai, sauti na printa kabla hujagusa diski. Ukiridhika, hamisha picha na mafaili yako nje ya laptopu ndipo uiweke. Diski ikishafutwa wakati wa kuiweka, ni vigumu mno kuvirudisha.