“Kocha ameshasema”: dhana potofu kuhusu makocha wa vyuo vya Marekani

Msimu wa maombi ukifika, simu yangu hujaa skrinshoti. Mzazi ananitumia ujumbe ambao mwanawe kaandikiwa na kocha msaidizi wa kikapu wa chuo fulani, na chini yake anaongeza: “Mwalimu, mtoto kashapata skolashipu!” Hajapata.

Dhana: kocha akishasema, nafasi ipo, na atakuwa na mwanangu miaka yote minne.

Ahadi ya WhatsApp haimfungi mtu, si chuo, si mchezaji. Kinachofunga ni makubaliano ya ufadhili yenye saini ya chuo. Kwa kijana wa kwetu kuna na karatasi ya pili, I-20, ambayo hutolewa na chuo chenyewe, si benchi la ufundi, na bila hiyo viza ya mwanafunzi usiitarajie. Ile barua yenye nembo inayosema “tunafuatilia maendeleo yako” wanatumiwa vijana chungu nzima, kinachobadilika ni jina tu. Tena kama chuo kiko Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, skolashipu ya michezo haipo kabisa, hata kocha akupende vipi.

Haya, tuseme karatasi zote zimetoka. Bado naambiwa, “Namkabidhi mwanangu kwa huyu kocha.” Ndugu yangu, kocha mwenyewe hajui Aprili itamkuta wapi! Akifungwa sana anatimuliwa. Akishinda sana, chuo kikubwa zaidi kinamnyakua. Wasaidizi wake huondoka naye au hubaki wakihangaikia ajira, na aliyemwona mwanao mara nyingi ni mmoja wao. Novemba 2023 Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher, kocha wao wa futiboli ya Kimarekani, ilhali mkataba wake ulikuwa unafika 2031. Walikubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aende zake. Anayekuja nyuma yake huja na mfumo wake, na siku hizi huja pia na wachezaji waliokwisha kukomaa vyuo vingine, maana uhamisho umekuwa rahisi. Kijana wa mwaka wa kwanza anajikuta mwisho wa benchi.

Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyefika NBA, alibahatika. Alipoingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, kocha Jim Calhoun alikuwa pale tangu 1986, na akaendelea hadi 2012. Makocha wa kukaa hivyo sasa ni wa kuhesabu.

Kwa hiyo muulize kocha mkataba wake unaisha lini. Nawaambia wazazi hivyo kila mwaka, nao huona aibu. Kocha akikasirika, umeshapata jibu. Kisha chagua chuo ambacho mwanao angetaka kusoma hata goti lingemharibikia wiki ya kwanza.

Dhana nyingine ni hizi. “Makocha wa vyuo ni matajiri.” Hao unaowaona kwenye televisheni, ndiyo. Wengi huanza kama wasaidizi wanaosoma shahada ya uzamili: ada inalipwa, posho ni kiduchu, na usiku wanakesha wakikata video za mechi.

“Lazima alikuwa nyota uwanjani.” Mike Leach, kocha wa futiboli ya Kimarekani, hakuicheza chuoni. Alikuwa na shahada ya sheria, na bado Texas Tech yake ilisumbua ulinzi wa kila mtu kwa pasi.

“Kocha mzuri huonekana mapema.” Mike Krzyzewski, kocha wa kikapu, misimu yake mitatu ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Duke, alishinda mechi 38 na kupoteza 47. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1991, kati ya mitano. Leo asingevumiliwa.

“Kocha mmoja anafundisha kikapu na futiboli.” Zamani, sawa. Phog Allen, kocha gwiji wa kikapu pale Chuo Kikuu cha Kansas, alisimamia na futiboli ya chuo hicho mwaka 1920. Siku hizi, kwenye vyuo vinavyotoa skolashipu, futiboli huanza mazoezi Agosti, na ifikapo Novemba msimu wa kikapu unaingia juu yake, huku usajili ukiendelea mwaka mzima kote kuwili. Wakala akikwambia kocha wake ana timu zote mbili na nafasi ziko wazi, usimpe hata shilingi ya fomu.