Kuivika friji shiraa

Mimi ni seremala wa Lamu. Mteja wangu mmoja wa mtaa wa Mkomani, mama aliyerithi nyumba ya mawe kwa nyanyake, aliniita mwaka juzi. Nikamkuta amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni. "Fundi, hebu tazama. Ukuta nimeurudisha, chokaa nimepaka, boriti nimebadilisha. Halafu kidude hichi cheupe kimesimama katikati kama gari la wagonjwa. Mato yangu hayakitaki."

Alikuwa akiisema friji yake, na alikuwa na haki. Nyumba yetu ya Kiamu imezoea stara tangu zamani. Mgeni huishia dakani, kwenye baraza la mlangoni, macho ya njiani hayafiki kiwandani, yaani uani, na vya kuonyeshwa huwekwa kwa mpango kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Jiko halikuwa na shida hiyo, kwa sababu lilikuwa juu, chini ya makuti, moshi ukienda na upepo. Siku hizi jiko limeshuka, limekuja karibu na sebule, na limeleta friji, oveni, maikrowevu na mashine ya kufulia, kila kimoja na rangi yake na taa zake. Ndiyo maana nusu ya kazi ninazopata sasa, Mkomani na Shela, ni za kuvificha vyombo hivi ndani ya makabati ili ukuta mzima usomeke kama samani moja.

Mimi huiita kazi hii kuivika friji shiraa. Nyanya zetu walipita njiani ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kama hema, hakuna aliyewaona na wao walipumua vizuri. Sehemu hiyo ya kupumua ndiyo niliyoisahau mwanzoni.

Friji ya kwanza niliyoificha niliiua mwenyewe. Ilikuwa mtaa wa Langoni. Nilijenga kabati la mvule, nikaipima friji pande zote, nikaitosheleza humo kama jambia na ala yake. Ilipendeza kweli, hata picha nilipiga. Ilipofika Februari, kaskazi limepoa na joto limekaa, friji ikawa inanguruma usiku kucha bila kupumzika. Maziwa yakaanza kuchacha. Kisha siku moja ikanyamaza kabisa. Fundi wa friji alifungua kabati, akagusa ubavu, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Hii ilikuwa ikipumulia wapi?" Nililipa nusu ya friji mpya, na nilistahili.

Friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililo ndani na kulimwaga nje, na kompresa ndiyo pampu yake. Friji za zamani zilimwaga joto hilo kupitia ule wavu mweusi wa mabomba uliokuwa mgongoni. Nyingi za sasa mgongo wake ni laini, kwa sababu bomba limefichwa ndani ya mbavu. Kujua yako ni ya aina gani, iache ifanye kazi saa moja halafu weka kiganja ubavuni. Ukisikia joto, ubavu huo ndio unaotoa, na ukiubana na mbao unaizuia friji isitoe. Joto lisipotoka, kompresa hufanya kazi bila kituo, bili ya stima hupanda, na mwisho wake ni ule wa Langoni.

Kabla sijachora chochote siku hizi nasoma kibandiko kilicho ndani ya friji. Kuna herufi hapo ambazo wauzaji hawazitaji. N maana yake friji imeundwa kufanya kazi kwenye chumba chenye joto la kuanzia nyuzi 16 hadi 32. ST hufika 38, na T hufika 43. Jikoni mwetu mwezi wa Machi nyuzi 32 si ajabu, na ndani ya kabati joto huzidi lile la chumba. Mteja akiniletea friji ya N na kutaka niifungie, namwambia wazi kwamba nitaitengenezea fremu ya kuizunguka, lakini mlango mbele yake siuweki.

Njia ya hewa ni rahisi kuieleza, na ndiyo inayokosewa zaidi. Hewa baridi iingie chini, ipande nyuma ya friji, itoke juu. Kwa hiyo kibao cha chini, kile kinachofunika miguu ya kabati, lazima kiwe na tundu, na juu ya kabati pawe wazi au pawe na tundu jingine, huku nyuma kukiwa na nafasi ya kuunganisha hayo mawili kama bomba la moshi. Vitabu vya friji za kujengewa ndani kwa kawaida hutaka tundu la sentimita za mraba 200 kwa uchache, yaani kama sentimita 50 kwa 4. Watu wengi hukata tundu la kipimo hicho, kisha wanalifunika kwa nakshi. Nakshi ina mbao! Ukichonga kimia cha maua, nusu ya tundu imeliwa na maua yenyewe, na zilizobaki ni 100 tu. Ukitaka nakshi, panua tundu mara mbili. Mimi napenda papi zilizolala, yaani vipande vyembamba vya mbao vilivyopangwa kwa nafasi, zinaficha vizuri na hazili hewa nyingi, ingawa wateja wa Shela hutaka nakshi kwa kuwa wageni huipiga picha.

Kwa friji ya kawaida ya kusimama mwenyewe, isiyoundwa kwa ajili ya kabati, naacha sentimita 5 kila ubavu, 5 mgongoni, na 10 juu, isipokuwa kitabu chake kitake zaidi. Hapo hesabu ya chumba huanza kuuma. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali, mita 2.5 hadi 3 hivi. Friji yenye kina cha sentimita 65, na nafasi ya mgongoni, na unene wa mlango, imekula sentimita 72. Ukiweka kaunta ya 60 upande wa pili kwenye chumba cha mita 2.6, umebakiwa na mita 1.28, na humo mlango wa friji ufunguke na mtu apite na sufuria ya moto. Kwa hiyo kabla ya kuuliza friji ifichwe vipi, jiulize iko ukuta gani. Kuna nyumba ambazo jibu langu lilikuwa kuitoa jikoni na kuipeleka chini ya ngazi.

Friji za kujengewa ndani ni nyembamba zaidi. Zile ndefu za mtindo wa Ulaya huingia kwenye nafasi ya sentimita 56 kwa upana na kama 178 kwa urefu, na mlango wa mbao hushikana na mlango wa friji. Kuna namna mbili. Ya kwanza, mlango wa mbao hubebwa na bawaba za kabati na huteleza kwenye reli ndogo mlango wa friji ukifunguka. Ya pili, mbao hukaa moja kwa moja juu ya mlango wa friji, na bawaba za friji hubeba vyote. Ya pili hufunga vizuri zaidi, ila inataka mbao nyepesi, na uzito unaoruhusiwa umeandikwa kitabuni. Mlango wa mbambakofi wa sentimita 60 kwa 175, unene 2, ni zaidi ya kilo 16. Watu huniletea mbambakofi kwa sababu milango ya nje ya babu zao ilikuwa ya mbambakofi. Mlango wa nje ulibebwa na fremu nzito iliyojengewa ukutani, lakini huu unaning'inia kwenye bawaba mbili za friji.

Dawa ni fremu ya mbao ngumu na moyo wa plaiwudi ya baharini ya milimita 9, iliyobandikwa ubao mwembamba wa aina ile ile. Hata bila hesabu ya uzito ningefanya hivyo. Ubao mpana wa kipande kimoja hapa kwetu hautulii: kusi likija na mvua unavimba, kaskazi likikauka unanywea, na mlango uliofunga sawa Januari unagoma mwezi wa Mei. Maseremala walilijua hilo zamani. Moyo wa mlango walikuwa wakiuacha uelee ndani ya mfereji wa fremu, bila gundi, ujongee utakavyo.

MDF na chipbodi, zile mbao za unga na vipande vya miti vilivyogandishwa kwa gundi, mimi sizigusi kwa makabati ya chini. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini, na chipbodi iliyogusa ukuta huo hufanana na mkate wa mofa uliosahauliwa kwenye chai. Hata plaiwudi naiacha ikae mbali kidogo na ukuta. Bawaba nazo, za bei rahisi hushika kutu kabla ya mwaka kwisha. Kama jiko linatazama bahari naomba bawaba za chuma cha pua, stenlesi ya daraja la 316, si 304, kwa sababu 316 hustahimili chumvi zaidi.

Sasa jicho. Watu hudhani siri ni rangi ya mbao. Rangi inasaidia, na nikiweza napasua milango yote kutoka gogo moja ili nyuzi ziendelee kutoka kabati hadi friji. Ila kinachomtambulisha friji aliyejificha ni mistari. Nafasi kati ya milango iwe milimita 3 kila mahali. Kibao cha chini kipite mfululizo, kisikatike mbele ya friji. Vipini viwe vimoja. Mstari wa droo za kabati la jirani uendelee juu ya mlango wa friji hata kama nyuma yake hakuna droo. Shida ni kwamba kuta za zamani hazikunyooka. Timazi ikiniambia ukuta umelala sentimita 3, sifuatishi ukuta. Makabati nayasimamisha kwa pima maji, kisha pengo la ukutani nalifunga kwa kibao nilichokichonga kufuata matuta yake.

Maikrowevu ya kawaida ina matundu yake ya hewa, usiyafunike. Mtungi wa gesi mimi siufichi kwenye kabati lililofungwa, hata mteja akinuna. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kujikusanya, kisha inangoja cheche ya friji jirani. Mtungi ukae nje, na kama hakuna nje, kabati lake liwe na matundu makubwa sakafuni yanayotoka uwazi, na lisiwe ukuta mmoja na friji. Plagi ya friji nayo iwe kwenye kabati la pembeni mkono unapofika. Niliwahi kuitwa kung'oa kabati zima kwa sababu ya fyuzi.

Na pima ngazi. Friji ya yule mama ilitoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikaingia mjini kwa mkokoteni bila mkwaruzo. Ikashindwa na ngazi yake ya mawe, kwa kona moja tu. Tuliipandisha kwa kamba kupitia kiwandani, wanaume wanne, jirani akitusomea dua kutoka darini. Tukaisimamisha mpaka kesho yake asubuhi ndipo tukaiwasha, maana ililazwa njiani na mafuta ya kompresa yalihitaji kurudi mahali pake.

Leo ukiingia jikoni kwake utaona ukuta wa milango sita ya mvule, na juu yake papi zinazotoa joto la friji. Tatizo limebaki moja. Mama huyo hupenda kukunja miswala yake na kuiweka hapo juu, kwa sababu, anasema, inakauka upesi. Kila nikipita kumsalimia naitoa, naikunja upya, naiweka kitini. Wiki inayofuata naikuta imerudi.